Mandhari na Mtazamaji: Barabara ya Kuzunguka Nyandarua kama Matini ya Uhakiki

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, mandhari ni mtoto wa kambo. Mhakiki akishatenganisha fani na maudhui, huigawa fani mafungu yake: muundo, mtindo, wahusika, lugha, na mwishoni kabisa mandhari. Wahusika huwapa kurasa kumi. Mandhari huyapa mistari miwili: kwamba hadithi inatokea mjini, au inatokea kijijini, au, pale mwandishi alipotunga nchi isiyokuwako, kwamba mandhari yake ni ya kinjozi. Baada ya hapo mhakiki hupiga mstari akasonga mbele, na mwanafunzi hufuata nyayo zizo hizo katika mtihani akapewa alama zake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yana kasoro ya msingi, na kwamba kasoro hiyo yaweza kuonekana waziwazi zaidi tukitoka kidogo vitabuni tukaingia barabarani.

Neno lenyewe latosha kutuamsha. Mandhari limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, na ndugu zake tunao: nadhari na nadharia. Basi mandhari, kwa asili ya neno, si mahali tu. Ni mahali panapotazamwa. Na kitazamwacho hakiwi bila mwenye kukitazama, wala hakuna awezaye kutazama bila kusimama mahali fulani. Mhakiki anayesema kwamba mandhari ya riwaya ni Mombasa ametaja mji tu. Hajatwambia ni nani auonaye mji huo, amesimama wapi, na anaueleza kwa lugha ya nani. Maswali haya matatu ndiyo nitakayoyatumia hapa.

Matini niliyoichagua ni barabara. Inatoka Nairobi kupitia Limuru, inateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, inapita Naivasha na Gilgil, inakunja kulia kwenda Ol Kalou na Nyahururu, kisha inashuka kuelekea Nyeri na kumalizikia Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Msafiri aifuataye huwa ameizunguka safu ya Nyandarua karibu yote. Njiani atakuta mambo ya kustaajabisha yaliyowekwa makusudi ili asimamishe gari: mahali pa kutazamia bonde, kikanisa kidogo mno, kaburi lenye alama ya fumbo, na beseni la maji kwenye mstari wa ikweta. Huenda msomaji akauliza idara ya lugha ina haki gani katika mambo ya watalii. Jibu ni kwamba mambo hayo yote yamefanywa kwa maneno: vibao, majina, maandishi ya mawe, na masimulizi ya mdomo. Penye maneno mhakiki ana kazi.

Ukingo na kikanisa

Tuanze ukingoni. Barabara ya kale inaposhuka kutoka nyanda za juu, upande wa kushoto ardhi hukatika ghafula, na bonde hutandaa mpaka milima ya Longonot na Suswa, ambayo yote miwili ni volkano. Hapo pamejengwa vibanda vya mbao juu ya mteremko. Ngozi za kondoo zimeanikwa, vinyago na mashuka yamepangwa, na vibao vimetundikwa kumwarifu msafiri kwamba hapa ndipo pa kutazamia.

Kibao cha namna hiyo hufanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Bonde lilikuwako kabla yake, na laonekana vilevile hatua mia mbele na hatua mia nyuma. Lakini kibao kimeteua hatua moja katika zote na kuifanya kuwa ndiyo hatua ya kutazama. Kibao hakielezi bonde. Kinamweleza mtazamaji asimame wapi. Lugha inayotumika sana katika vibao hivi ni Kiingereza. Kiswahili kinaanza pale msafiri anapoulizia bei. Kwa hiyo ukingoni hapo lugha zimegawana kazi: moja imekuwa lugha ya kuona, nyingine lugha ya kupatana. Mgawanyo huo si wa maumbile. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Lakini sheria peke yake haiipi lugha jicho. Jicho hupewa na watu wanaoandika na wanaohakiki kwa lugha hiyo, na hapo lawama inaturudia sisi wa vyuo vikuu.

Chini ya mteremko, kando ya barabara iyo hiyo, kiko kikanisa cha Kikatoliki kilichojengwa 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia. Majeshi yao yalikuwa yameshindwa katika Afrika ya Mashariki 1941, na waliotekwa wakaletwa Kenya, ambako baadhi yao walitiwa kazini kujenga barabara hii. Kikanisa ni kidogo hata waumini wachache tu hukijaza, na wasafiri wengi husimama kwa ajili ya udogo wake, wakastaajabu, wakaondoka.

Mhakiki hana budi kukaa hapo kidogo zaidi. Kikanisa kinatupa habari ambayo kibao cha juu hakikuitoa: kwamba mandhari ina mikono iliyoifungua. Anayesimama ukingoni hulifurahia bonde kana kwamba limewekwa mbele yake bure, ilhali njia iliyomfikisha hapo ilichongwa na watu wasiokuwa huru kwenda watakako. Kwa mateka, mteremko ule haukuwa wa kutazamwa; ulikuwa wa kuchimbwa. Mahali ni pamoja, na mandhari ni mbili. Tukiisha kulikubali hilo barabarani, hatuwezi tena kuandika kuhusu kitabu kwamba mandhari yake ni mteremko wa Bonde la Ufa, tukadhani tumesema neno.

Majina na ngozi ya mwili

Vibao ni vipya. Chini yake yako maandishi ya kale zaidi, nayo ni majina. Mai Mahiu ni Kigikuyu, maana yake maji ya moto. Kijabe, ulioko juu ukingoni, asili yake ni Kimaasai, na maana yake inahusu upepo. Mtu akiyatia maanani majina haya ataona jambo la ajabu kidogo: hayasemi mahali panaonekanaje, bali panausikilizishaje mwili. Maji yanaunguza, upepo unapiga. Aliyeita hivyo hakuwa mtu aliyepita akatazama kwa mbali. Alikuwa ametia mkono majini, au amelala mahali upepo ulipomnyima usingizi.

Hapa neno letu la mandhari nalo linaonyesha upungufu wake. Limejengwa juu ya jicho, na jicho ni hisi moja tu. Kuna mfano mashuhuri nje ya njia hii, nao watufaa kwa kuwa unahusu msemaji wa lugha ya pwani mbele ya mlima. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka upande wa Mombasa, aliuona Kilimanjaro na kile cheupe kileleni. Alipomwuliza kiongozi wake wa njia kitu kile ni nini, alijibiwa kwamba ni baridi. Kwa muda mrefu jibu hilo limesimuliwa kana kwamba ni la mtu aliyekosa neno. Mimi naliona kuwa ni jibu kamili. Rebmann aliuliza juu ya rangi. Kiongozi akajibu juu ya kinachompata mtu afikaye huko. Tena walikuwako wataalamu wa jiografia London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walioikataa kabisa habari ya theluji karibu na ikweta, nao hawakuwahi kuuona mlima wenyewe. Walikuwa na nadharia bila mandhari. Kiongozi wa njia, kwa neno lake moja, alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wao.

Safu tunayoizunguka nayo ina majina mawili. Kwa Kigikuyu ni Nyandarua, na jina hilo huelezwa kuwa lahusu ngozi inayoanikwa, kwa jinsi mistari ya milima inavyojikunja angani. Joseph Thomson, alipopita 1883, aliipa jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa chama cha Royal Geographical Society cha London. Jina la kwanza ni la jicho, lakini ni jicho la mtu wa nyumbani, ambaye akiangalia juu huona kitu kilichomo uani mwake. Jina la pili halioni kitu. Linatoa shukrani kwa mkubwa aliye mbali. Huko Nyahururu pia mji umerudishiwa jina lake, lakini maporomoko ya maji yaliyo kando yake bado yanaitwa na wengi kwa jina la Thomson. Msafiri aliyeziona ngozi za kondoo ukingoni na asiijue maana ya Nyandarua amelipita shairi zima bila kujua, na hakuna kibao kilichomwambia.

Kaburi la Nyeri

Nyeri kuna kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyeimalizia miaka yake mjini humo na kufa 1941. Limechorwa duara lenye nukta katikati. Katika alama za skauti za kufuatia njia, maana yake ni kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Kaburi linauelekea Mlima Kenya.

Ni maandishi mafupi mno, na kama maandishi mengi mafupi yamefaulu sana. Alama ya mtembezi imefanywa kuwa usia. Lakini tukiuliza maswali yetu, neno nyumbani linaanza kutikisika. Mtu aliyezaliwa London amekwenda nyumbani Nyeri, mbele ya mlima ambao kwa Wagikuyu ulikuwa maskani ya Ngai kabla mgeni yeyote hajafika. Nyumba ni moja, wenye kuidai wawili.

Tena kuna jicho la tatu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ikawa makao ya wapiganaji wa Mau Mau, na Dedan Kimathi alitekwa karibu na Nyeri Oktoba 1956. Kwa wapiganaji hao sifa kubwa ya mlima haikuwa kuonekana bali kuficha. Msitu ulikuwa mzuri kwa kadiri ulivyomzuia adui asione. Ndege za vita zilipita juu zikitazama. Waliokuwa chini walitumaini kutotazamwa. Istilahi yetu ya mandhari haina hata neno la hali hiyo, yaani mahali ambapo thamani yake ni kule kukataa kutazamwa. Mhakiki wa fasihi ya ukombozi asiyelifikiri jambo hili atauandika msitu kama pazia la nyuma ya jukwaa, ilhali msitu ni mshiriki.

Beseni la Nanyuki

Nanyuki, bango kubwa la njano limesimama juu ya mstari wa ikweta. Kiswahili kina neno istiwai kwa mstari huo, lenye mzizi mmoja na neno letu la kila siku, sawa. Ni mstari wa usawa. Bango hata hivyo lina neno la Kiingereza.

Karibu na bango huwapo mtu mwenye jagi na beseni lenye tundu. Huweka njiti ya kiberiti juu ya maji, akawachukua wageni hatua chache kaskazini, na njiti ikazunguka upande mmoja. Akawachukua hatua chache kusini, ikazunguka upande wa pili. Akarudi mstarini, na njiti ikatulia maji yakishuka. Mwishoni mgeni huweza kununua cheti kwamba ameivuka ikweta.

Kwa elimu ya fizikia, onyesho hili si kweli. Mzunguko wa dunia huathiri mikondo mikubwa ya hewa na bahari, lakini katika beseni, hatua chache kutoka ikweta, nguvu yake ni hafifu hata haiwezi kuyashinda mambo madogo kama namna maji yalivyomiminwa au beseni lilivyogeuzwa. Mwelekeo wa njiti unatoka mkononi mwa mwenye jagi.

Lakini mhakiki wa fasihi simulizi asiishie kucheka. Huyu ni fanani, na ustadi wake ni wa hali ya juu. Ana mwanzo wake wa kuwakusanya watu, ana maswali ya kuwashirikisha, ana urudiaji wa mara tatu kama ngano zetu nyingi, na hubadilisha maelezo kwa kadiri ya hadhira. Zaidi ya yote, anajua kwamba hadhira haiwezi kuona mpaka isogezwe. Huwaambia kwanza watakachokiona, kisha huwapeleka mahali ambapo watakiona. Kile ambacho kibao cha ukingoni kilikifanya kimyakimya, yeye anakifanya mbele ya macho ya watu wote.

Na hapo uhakiki wetu wapaswa kujiangalia. Ziko tahakiki zinazotangaza tangu ukurasa wa kwanza kwamba riwaya hii ni ya kitabaka, au ni ya kimaadili, kisha kuimimina riwaya hiyo katika beseni kwa mkono uliokwisha kuamua. Bila shaka njiti huzunguka kama ilivyotangazwa. Dawa si kuacha kutazama. Dawa ni mhakiki kuonyesha amesimama wapi, na jagi limeshikwa na nani.

Kurudi vitabuni

Tuyarudishe sasa maswali yetu kwenye fasihi iliyoandikwa. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ndiyo kielelezo kinachopendwa cha mandhari ya kinjozi: nchi inayoelea angani. Hilo ni kweli, na halitoshi. Nani anaziona zile nchi ambazo wajumbe wa Kusadikika walitumwa kuzizuru pande zote sita? Wajumbe wenyewe walipozileta habari walitiwa gerezani. Sisi tunazipata safari zao kinywani mwa Karama, naye Karama ni mshitakiwa anayejitetea mahakamani. Basi nchi zile zote zinatazamwa kutoka kizimbani. Si picha za kuburudisha, ni ushahidi. Kila jambo jema lililoonekana huko ni hoja dhidi ya serikali inayomhukumu msimulizi. Anayeandika kinjozi akafunga daftari ameikosa nguvu ya kitabu.

Katika Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo iliyotoka kwa Kiingereza 1976, twakuta hali ya jirani. Mahakama imekaa Nyeri, mshitakiwa yuko kizimbani, na msitu unaingia jukwaani licha ya kuta. Vitabu viwili vilivyotofautiana mno kwa itikadi na kwa mtindo vimeiweka mandhari yake pamoja: mbele ya hakimu. Uhusiano huo hauwezi kuonekana kwa mhakiki anayeuliza wapi na lini tu. Unaonekana mara moja kwa anayeuliza nani anatazama, na kutoka wapi.

Swali la tatu, la lugha na walengwa, laweza kutufaa katika nathari ya safari. Salim bin Abakari alisafiri 1896 na bwana wake Mjerumani, Theodor Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Habari yake ya Kiswahili ilichapishwa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, Göttingen, 1901. Mandhari ya habari hiyo ni nini? Siberia, atajibu mwanafunzi. Lakini mtazamaji ni mtumishi, yuko nyuma ya bwana wake, na maneno yake yamepigwa chapa Ujerumani wakati ambapo Wajerumani walikuwa wakijifunza Kiswahili ili kuitawala pwani. Bado ni jicho la Mswahili, na ni mali yetu. Nathari ya safari basi tulikuwa nayo miaka hamsini kabla ya Kusadikika, na kuisoma ipasavyo ni deni tusilolilipa bado.

Hitimisho

Huenda wakatokea watakaosema kwamba kustaajabia milima ni ladha ya Kizungu, na kwamba Kiswahili, lugha ya bahari na biashara, hakina haja nayo. Hoja hiyo haisimami. Majina ya njia hii yanathibitisha kwamba wenyeji wa milima hawakuwa vipofu wala hawakukosa maneno. Walikuwa na namna nyingine ya kuhisi mahali, iliyotumia ngozi na pumzi pamoja na macho. Kiswahili cha leo ni lugha ya watu hao pia. Hakitaazima jicho la mtalii, wala hakihitaji kulikana.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, katika ufundishaji wetu swali la mandhari lisijibiwe tena kwa kutaja mji na mwaka peke yake. Mwanafunzi atakiwe kueleza mtazamaji, mahali asimamapo, na lugha ya kutazamia. Pili, idara zetu ziwatume wanafunzi barabarani kukusanya majina ya mahali na maana zake kutoka kwa wazee wa Kigikuyu, Kimaasai, Kikalenjin na wengineo, na kuyafasiri kwa Kiswahili fasaha, pamoja na kuyanukuu masimulizi ya mafanani wa kando ya njia kama yule wa Nanyuki. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, bali daftari, nauli na subira. Inahitaji pia kufanywa mapema, kwa kuwa wazee wanaozijua maana hizo wanapungua, na vibao vinaongezeka.